Ukoko wa Birika na Samaki wa Sebuleni

Kabla hujaenda dukani kununua samaki wa mapambo, nenda jikoni ufunue birika. Likiwa safi ndani kama siku ulipolinunua, maji ya nyumba yako ni laini. Likiwa limeshika ukoko mweupe chini na pembeni, ule unaobanduka vipande vipande ukikwanguliwa kwa kijiko, maji yako ni magumu. Kipimo hicho hakina gharama, na kama ningekifanya mwaka ule nilipoleta nyumbani tangi langu la kwanza la kioo, nisingezika samaki kumi na wawili chini ya mpapai.

Nilikuwa nimepanga Mbagala, nyumba yenye kisima kirefu uani. Muuzaji aliniambia, "Kaka, hawa neoni hawana shida, we weka maji tu." Neoni ni wale samaki wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka na wekundu mkiani, asili yao ni vijito vya Amazoni. Nikaweka maji tu. Hakufa hata mmoja siku ile, wala kesho yake. Wiki ya pili wakaanza kupauka na kujitenga pembeni wamebana mapezi, kisha kila baada ya siku mbili tatu naamka nakuta mmoja amelala ubavu. Nikabadilisha chakula. Nikanunua dawa ya ukungu. Nikalihamisha tangi mbali na dirisha. Maji yenyewe sikuyashuku, maana yalikuwa maangavu, hayanuki, na sisi wapangaji wote tulikuwa tukiyaogea.

Miaka miwili baadaye nikahamia nyumba ya maji ya bomba, nikafuga gapi. Jioni moja, maji yaliporudi baada ya mgao wa siku nne, nikaingiza mpira wa bomba tangini na kujaza nusu nzima kwa mkupuo. Kabla sijalala walikuwa juu ya maji wanatweta. Alfajiri hapakuwa na aliye hai.

Vifo hivyo viwili si vya namna moja. Wa Mbagala waliuawa polepole na maji yasiyowafaa. Hawa wa pili waliuawa na klorini kwa usiku mmoja. Ninavirudia kila nikimshauri mtu anayeanza, kwa sababu wengi huvichanganya: mtu ana maji magumu ya kisima ambayo hayajawahi kuonja klorini, anakwenda kununua kichupa cha dawa ya kuondoa klorini, anarudi ametulia moyo kwamba maji yake sasa "yametibiwa". Dawa ile haipunguzi ugumu hata chembe.

Ugumu wa maji unatoka ardhini. Mvua ikidondoka huwa karibu haina madini. Ikizama kwenye udongo hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye mizizi na majani yanayooza, ikawa na ukali kidogo, na ukali huo hula mawe ya chokaa. Kinachoyeyuka humo ni kalsiamu na magnesiamu, na hayo mawili ndiyo ugumu. Kwa hiyo ukijua mwamba ulio chini ya miguu yako, nusu ya kazi umeimaliza. Unguja na sehemu kubwa ya mwambao wetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe ya kale, ambayo ni chokaa tupu. Kisima cha hapo kitatoa maji magumu, na yeyote aliyewahi kufua huko kwa sabuni ya mche anakumbuka povu linavyogoma. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake ya bomba kutoka bwawa la Ndakaini, yanakoshuka maji ya safu ya Nyandarua yakipita kwenye miamba ya volkano isiyo na chokaa. Hayo ni laini. Mwanza hunywa Ziwa Viktoria, laini vilevile.

Halafu kuna Kigoma. Mji ule huvuta maji yake Ziwa Tanganyika, kwa hiyo mfugaji wa Kigoma akifungua bomba anapata, ukiacha klorini, maji yaleyale ambayo mfugaji wa Berlin huyatengeneza kwa kupima chumvi kwenye mizani ili samaki wake wa Tanganyika wajisikie nyumbani.

Berlin sikuitaja bure. Kipimo cha ugumu ambacho wafugaji wa samaki hutumia dunia nzima ni digrii ya Kijerumani. Digrii moja ni sawa na miligramu 17.8 za kalsiamu kabonati katika lita moja. Chini ya digrii 4 maji ni laini sana. Kati ya 4 na 8 ni laini. 8 hadi 12 ni ya wastani. Kuanzia hapo hadi 18 ni magumu, na kupita hapo utakuwa unakwangua birika kila mwezi.

Hapa lazima nikuchoshe kidogo kwa herufi mbili mbili, maana zimeandikwa kwenye kila kopo na kila karatasi ya vipimo. GH ni ugumu wa jumla: kalsiamu na magnesiamu iliyomo. Ndiyo inayomgusa samaki mwilini. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humwingia usiku na mchana kupitia mashavu na ngozi, na figo zake zina kibarua cha kuyatoa bila kuachia chumvi itoke nayo. Samaki ambaye ukoo wake umeishi maelfu ya miaka kwenye maji yasiyo na madini ana mwili uliojengwa kwa kazi hiyo, na yule wa maji magumu ana mwili wa kazi nyingine.

KH ni ugumu wa kabonati, yaani kabonati na bikabonati zilizomo. Hii haimlishi samaki. Inalinda pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, isiyumbe. Kila siku kinyesi na mabaki ya chakula hugeuka amonia, bakteria wa kwenye chujio huigeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati, na kazi hiyo hutoa asidi. KH huimeza asidi hiyo. Waswahili husema akiba haiozi, lakini akiba hii ya tangini huliwa kila siku. Ikiisha, pH huporomoka kwa usiku mmoja, bakteria nao hulegea, na mtu anakuambia, "Tangi langu lina miaka miwili, sijawahi kupata tatizo, leo wamekufa wote." Mara nyingi ni mtu wa maji laini asiyebadilisha maji. Ukiishi Nairobi au Mwanza, pima KH kila wiki mbili, na ikishuka chini ya digrii 3 usingoje.

GH na KH kwa kawaida huenda pamoja kwa kuwa chokaa huleta zote mbili, lakini si siku zote. Visima virefu vingi vya Nairobi, na vile vya kuzunguka mlima Meru, vina bikabonati ya sodiamu kwa wingi na kalsiamu kidogo. Sabuni inatoa povu vizuri, unasema maji ni laini, kumbe KH iko juu na pH nayo. Maji hayohayo huwa na floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Ndiyo maana sabuni pekee haitoshi kukata shauri.

Hata hivyo anza na sabuni. Chukua chupa mbili za maji zinazolingana, moja tia maji ya mvua au ya betri, nyingine maji yako. Kwangua vipande vidogo sawa vya sabuni ya mche, tikisa kwa nguvu, weka mezani. Penye ugumu utaona povu jembamba na maji yaliyochafuka kama ya kuoshea mchele. Usitumie sabuni ya unga. Imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu, itakudanganya.

Ukiwa na fedha ya kununua kitu kimoja tu zaidi ya tangi na chujio, nunua vipimo vya matone vya GH na KH. Unatia mililita 5 za maji kwenye kichupa, unadondosha tone moja moja ukitikisa, na tone linalobadilisha rangi ndilo jibu: kwa vipimo vingi tone moja ni digrii moja. Karatasi za kuchovya ni rahisi lakini hukupa makadirio. Kifaa kinachonisikitisha ni kile kijiti cha kielektroniki cha TDS, ambacho siku hizi kinauzwa kila mahali na kila muuza maji ya kuchujwa anacho mfukoni. Kinasoma jumla ya vitu vilivyoyeyuka, basi. Kisima cha Mbagala karibu na bahari kinaweza kusoma 900 kwa sababu ya chumvi ya kawaida ya mezani, na kijiti hakitakuambia ni kiasi gani cha hiyo 900 ni kalsiamu.

Kama unatumia maji ya chupa au unataka kuyalinganisha na yako, soma lebo. Zidisha kalsiamu kwa 2.5, zidisha magnesiamu kwa 4.1, jumlisha, gawa kwa 17.8. Chupa yenye miligramu 20 za kalsiamu na 6 za magnesiamu inakupa digrii 4 na ushei.

Neno moja kuhusu kupima pH ya kisima. Maji yakitoka chini yanakuwa yamebeba kaboni dayoksaidi nyingi na oksijeni kidogo. Ukipima papo hapo utasoma pH ya chini kuliko ilivyo. Yaache kwenye ndoo na pampu ya hewa usiku kucha, ndipo upime. Nimeona tofauti ya nukta nzima kati ya jioni na asubuhi, na kwa kuwa kila nukta ya pH ni mara kumi, si jambo dogo. Isitoshe, usimwage maji mabichi ya kisima tangini kwa sababu hiyohiyo: hayana hewa.

Sasa klorini, ambayo haina mjadala. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya bomba yafike kwa mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini katika lita, ili vijidudu visipate nafasi njiani. Ni jambo jema kwa tumbo lako. Samaki anadhurika hata na sehemu ya kumi ya miligramu, maana klorini huunguza mashavu, na mashavu ndiyo mapafu yake. Klorini pia haiji kwa kiwango kimoja kila siku. Baada ya mgao au matengenezo ya mabomba inaweza kupanda, na hapo ndipo mimi niliponaswa.

Njia ya bure ni kuyaacha maji kwenye chombo chenye mdomo mpana, bila kifuniko, saa 24 hadi 48. Jua husaidia, pampu ya hewa husaidia zaidi. Dumu la lita 20 lililofungwa kizibo si "maji yaliyolala", hata likikaa siku tatu. Simtanki la juu ya nyumba lenye mfuniko nalo usiliamini kwa macho, hasa siku lilipojazwa. Njia ya haraka ni thiosulfeti ya sodiamu, chembechembe zinazong'aa kama sukari ya mawe ambazo maduka ya samaki huziita antiklorini. Wapiga picha wa zamani waliijua: ndiyo waliyotumia kugandisha picha kwenye chumba cha giza. Gramu 1 katika lita 100 inatosha kwa klorini ya miligramu 1 kwa lita na bado inabaki ya ziada. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe, mimina kwenye ndoo ya maji mapya kabla hayajaingia tangini. Ukishafanya kosa kama langu na samaki wako juu wanatweta, itie tangini hapohapo na washa pampu ya hewa kwa nguvu zote.

Wasomaji walio Marekani wajue kuwa miji mingi huko hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kulaza ndoo. Wao wanunue dawa iliyoandikwa kwamba inashughulikia kloramini na amonia pia, kwa sababu kloramini ikivunjwa huacha amonia.

Na kama nyumbani unatia dawa ya klorini kwenye ndoo ya maji ya kunywa, ndoo ya samaki iwe nyingine na iwekwe mbali. Dada wa kazi mwenye huruma amewahi kuua samaki wengi kwa ndoo isiyo yake.

Baada ya hapo linakuja swali ambalo watu huniuliza kwanza, na mimi hulijibu mwisho: nibadilishe vipi maji yangu yamfae samaki ninayemtaka? Jibu langu, na najua haliwafurahishi vijana walioona samaki aina ya diskasi kwenye simu, ni kwamba usiyabadilishe. Chagua samaki anayeyataka maji uliyonayo. Kila digrii unayoipunguza leo utalazimika kuipunguza tena wiki ijayo na wiki zote zitakazofuata, mvua isinyeshe, umeme ukatike, wewe ukiwa safarini na mdogo wako ndiye anayeshika ndoo. Samaki huvumilia namba isiyo kamili kuliko namba inayopanda na kushuka.

Mwenye maji magumu hana haja ya kununa. Gapi huyapenda, hawa walisambazwa nchi nyingi za joto wale viluwiluwi vya mbu, ni wagumu kama mtoto wa uswahilini. Moli hunawiri humo kuliko kwingine kokote, na maji yenye chumvi kidogo kama ya visima vya mwambao hayawasumbui. Plati na mkia-upanga ni ukoo huohuo. Kisha kuna samaki wa Tanganyika wenyewe: trofeusi wa miamba ya Kigoma, frontosa mwenye nundu, na wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Ziwa lile lina pH inayokaribia 9, GH ya digrii 10 au 11, na KH inayopita 15.

Vitabu vya ng'ambo huwatia samaki wa maziwa yetu kapu moja, "samaki wa maji magumu wa Afrika". Tuwasamehe, lakini tusiwafuate. Ziwa Nyasa lina GH ya digrii 4 au 5 tu na KH ya 6 au 7. Mbuna, samaki wa ziwa hilo, wanataka pH ya juu, si lazima maji ya kukwaruza. Ziwa Viktoria ni laini zaidi, digrii mbili hivi. Furu wa huko, akiwemo yule mwekundu mwenye milia aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985 na ambaye sasa wanasayansi humwita Pundamilia nyererei, anaweza kuishi kwenye maji ya bomba ya Mwanza bila kuongezwa kitu isipokuwa kulindiwa KH.

Mwenye maji laini atazame upande mwingine: neoni na ndugu zake wa Amazoni, samaki malaika, beta wa Thailand, koridora wanaofagia mchanga. Na wapo samaki wetu wa madimbwi, Nothobranchius, wanaozaliwa mvua zinaponyesha, wakakua haraka, wakataga kwenye tope na kufa dimbwi likikauka, huku mayai yakisubiri mvua ijayo. Guentheri anatoka Unguja, korthausae alipatikana Mafia. Wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai yao kwa posta. Hapa kwetu mtoto akiwakuta hudhani ni dagaa wa dimbwi.

Ukiniambia pamoja na hayo yote unataka neoni na una kisima, basi changanya. Maji ya mvua hayana ugumu, na hesabu yake ni ya dukani: kisima cha digrii 18, ndoo moja, pamoja na ndoo mbili za mvua, hupati 18 tena, unapata 6. GH na KH hufuata hesabu hiyo. pH haifuati, ipime upya. Kinga mvua baada ya robo saa ya kwanza, ile inayoosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Bati jipya linalong'aa liogope, kwa kuwa zinki huingia majini, na zinki ni sumu kwa samaki, zaidi hasa kwenye maji laini. Turubai safi la plastiki lililofungwa pembe nne ni bora. Masika jaza mapipa yenye vifuniko. Kiangazi nunua maji ya kuchujwa kwa mashine ya utando yanayouzwa mtaani kwa dumu, ambayo karibu hayana madini. Muulize muuzaji kama haongezi madini mwishoni. Usimpe samaki maji hayo matupu bila kuchanganya. Hayana KH, na tumeshaona akiba ikiisha inakuwaje.

Kuchemsha kunasaidia kwa nusu. Bikabonati ya kalsiamu ikipata moto hugeuka chokaa na kushika birika. Ndio ukoko ule. Ugumu unaotokana na salfeti na kloraidi haung'oki kwa moto, na chumvi ya kisima nayo inazidi kwa kuwa maji yanapungua. Kwa lita 100 na bei ya mkaa, sikushauri.

Kuongeza ugumu ni rahisi mno. Weka ndani ya chujio mfuko wa soksi wenye makombe yaliyovunjika na kuoshwa; makombe hayo yatayeyuka polepole kadiri maji yanavyokuwa na asidi, na yataacha yenyewe pH ikipanda. Okota makombe matupu ufukweni. Matumbawe hai yaache baharini. Kuongeza KH kwa haraka tumia bikabonati ya soda: kijiko kimoja cha chai, gramu 6 hivi, katika lita 50 hupandisha digrii 4. Gawa dozi hiyo kwa siku tatu. Soma kopo vizuri, kwa sababu beking pauda ina asidi na wanga ndani yake, na hamira ni kitu kingine kabisa. Magadi yale ya kulainishia maharage pia usiyatie: mengi ni kabonati kali inayorusha pH ghafla, na huja na floraidi yake. GH peke yake huongezwa kwa chumvi ya Epsom ya duka la dawa, gramu 4 na nusu kwa lita 100 kwa kila digrii moja, ingawa hiyo huleta magnesiamu tu, kwa hiyo makombe yabaki palepale.

Mawe ya kupamba tangi nayo hupimwa kwa siki. Dondosha matone, likitoa povu ni chokaa, litapandisha ugumu. Kwa samaki wa Tanganyika ni zawadi, kwa neoni ni adui aliyekaa sebuleni.

Wapo wanaokamua ndimu tangini kushusha pH. Maji yenye KH kubwa yataimeza ndimu, pH itashuka saa moja na kurudi ilipokuwa, nawe utakamua nyingine. Samaki ndiye anayepandishwa na kushushwa. Ukitaka ukali kidogo na rangi ya chai, okota majani makavu ya mkungu, mti uleule wa kivuli uliojaa mitaa ya Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Wafugaji wa beta wa Asia huyanunua kwa pakiti. Sisi tunayafagia na kuyachoma. Jani moja kubwa kwa lita 40, lioshwe, libadilishwe likichakaa. Kwenye maji laini linafanya kazi; kwenye maji magumu litakupa rangi tu.

Mwenye tangi la pH ya juu ana hatari moja asiyokuwa nayo mwenzake. Amonia huwa katika sura mbili, na ile yenye sumu huongezeka pH inapopanda. Kwenye joto la nyuzi 25 na pH 7, haifiki hata asilimia moja ya amonia yote. pH 8 ni asilimia 5. pH 9 ni zaidi ya theluthi. Chakula kilichozidi ambacho tangi la neoni lingekivumilia kinaweza kufuta tangi la trofeusi. Tangi la maji magumu lianze na samaki wachache, chujio lipewe wiki nne hadi sita likomae, na mkono wa chakula uwe mzito.

Kosa la mwisho ni la wengi, nami nililifanya kwa miaka. Dar es Salaam tangi lisilo na mfuniko hupungua maji kila siku kwa joto, na mtu hujazia. Kinachoruka ni maji, madini yanabaki. Ukijazia maji magumu juu ya yaliyobaki, ni kama mpishi anayeongeza mchuzi uliotiwa chumvi kila unapokauka. Tangi lililoanza na digrii 12 nimelikuta na 25 baada ya mwaka wa kujazia bila kumwaga. Kwanza toa robo ya maji kila wiki, kisha ndipo ujaze. Kilichopungua kwa joto katikati ya wiki kifidie na maji ya mvua kama unayo.

Weka daftari kando ya tangi: tarehe, GH, KH, pH, umetoa ndoo ngapi. Mstari mmoja kwa wiki. Siku samaki mmoja akilala ubavu, daftari hilo litakusaidia kuliko dawa yoyote ya dukani.

Na siku ya kuleta samaki mpya, muulize muuzaji maji yake yanatoka wapi. Ukifika, zima taa ya tangi, eleza mfuko juu ya maji dakika ishirini ujoto ulingane, kisha mhamishie samaki na maji yake kwenye ndoo safi. Chukua mpira mwembamba wa pampu ya hewa, ufunge fundo katikati, uvute maji ya tangi yadondoke ndooni matone mawili matatu kwa sekunde. Ugumu ukitofautiana sana, usimalize kabla ya saa mbili kupita. Maji ya ndooni yakishakuwa mara tatu ya yaliyokuja naye, mtoe kwa wavu umtie tangini, na maji ya ndoo mwagia maua nje.